Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mpangilio wa Misukumo ya Neva za Simpathetiki

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Masuala ya ada, hesabu na ukumbi yamo katika taarifa za mhazini na katibu, ambazo mmekwisha kuzipokea, kwa hiyo sitayarudia. Nitajikita katika mada tuliyokubaliana kuisoma kwa pamoja, yaani namna seli za neva za mfumo wa simpathetiki (sehemu ya mfumo wa neva inayoongoza moyo, mishipa ya damu na jasho bila mtu kuamua) zinavyofyatua misukumo yake, ambayo ni ishara fupi za umeme. Mada hiyo ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu, na ndiyo itakayobadilisha, mkiridhia, jinsi tunavyofundisha wanafunzi na jinsi tunavyopima wagonjwa hapa Dodoma.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mfumo huu huamka mtu anapoogopa na hulala anapotulia. Maelezo hayo yanatokana na kazi ya Walter Cannon wa Marekani, aliyeeleza mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Alichokiona Cannon kwa wanyama waliotishwa kilikuwa kweli, lakini muuguzi yeyote aliyemwinua mgonjwa kitandani na kuona shinikizo la damu halishuki anajua kwamba neva hizi hufanya kazi hata pasipo hofu yoyote. Msimamo wa taarifa hii ni kwamba swali la kuuliza si kama mfumo umeamka au umelala. Swali ni seli zipi zinafyatua, wakati gani, na kwa makundi ya namna gani.

Mwaka 1932 Edgar Adrian, Detlev Bronk na Gilbert Phillips walichapisha vipimo walivyochukua kwenye neva za simpathetiki za paka na sungura. Waliona kwamba misukumo haiji kwa mfululizo ulio sawasawa, bali huja kwa mikupuo inayofuata mapigo ya moyo na pumzi. Jambo hilo lilibaki kwa wanyama wa maabara hadi miaka ya 1960, pale Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo wa Uppsala, Uswidi, walipofanikiwa kupitisha sindano nyembamba ya tungsteni kwenye ngozi hadi ndani ya neva ya mtu aliye macho. Sehemu inayotumika mara nyingi ni neva inayopita upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia ya mada hii, kwa kuwa mtu anaweza kuombwa azuie pumzi, akunje ngumi au apige hesabu kichwani huku neva yake ikisikilizwa, paka haombwi.

Kilichosikika kilikuwa cha aina mbili. Neva zinazokwenda kwenye mishipa ya damu ya misuli hufyatua mikupuo mifupi inayofungamana na mapigo ya moyo. Neva zinazokwenda kwenye ngozi, zinazoongoza jasho na mishipa ya damu ya ngozi, hazifuati mapigo hayo kwa karibu. Huitikia joto, baridi na kushtuka. Mtu akipigiwa makofi ghafla akiwa ametulia, neva za ngozi hufyatua mara moja, ilhali zile za misuli kwa kawaida haziongezi kasi kwa namna hiyo. Kwa hiyo ndani ya mguu mmoja, kwa wakati mmoja, mfumo tunaouita kwa jina moja unatoa amri mbili tofauti.

Kikao kilichotuchukua muda mrefu zaidi kilihusu sababu ya mikupuo ya misuli kufuata moyo. Vipokezi vya shinikizo vilivyomo katika ateri za shingo na katika upinde wa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hutanuka kila moyo unaposukuma damu, na ujumbe wake hufika kwenye shina la ubongo na kuzizuia kwa muda seli zinazochochea mfumo wa simpathetiki. Shinikizo linaposhuka kabla ya pigo linalofuata, kizuizi hulegea na mkupuo hupita. Baadhi ya wanachama walihoji kwa nini mkupuo husikika mguuni takriban sekunde 1.3 baada ya wimbi la umeme wa moyo linalohusika. Jibu ni kwamba nyuzi za mwisho za neva hizi hazina ala ya mielini, yaani utando wa mafuta unaoharakisha msukumo, nazo husafirisha msukumo kwa kasi ya karibu mita 1 tu kwa sekunde, na kutoka kwenye ugwe wa uti wa mgongo hadi gotini safari si fupi.

Uzi mmoja mmoja unapopimwa peke yake, mtu hushangaa jinsi ulivyo mvivu. Kwa mtu mwenye afya aliyepumzika, uzi hufyatua kwa wastani wa chini ya mara 1 kwa sekunde, na katika mkupuo mmoja mara nyingi hutoa msukumo 1 tu, au hukaa kimya kabisa. Nguvu ya mkupuo basi hutokana zaidi na wingi wa nyuzi zinazoshiriki kuliko kasi ya kila uzi. Hata hivyo makundi yana uzito wake. Wapiga ngoma ya muheme wa Ugogo wanajua kwamba idadi ileile ya mapigo, ikigawanywa vingine, ni ngoma nyingine. Vivyo hivyo misukumo iliyosongamana hutoa nyuropeptidi Y, kemikali inayobana mishipa ya damu, kwa wingi zaidi kuliko misukumo ya idadi hiyohiyo iliyotawanyika, pamoja na noradrenalini, kemikali kuu ya neva hizi, inayotolewa kwa kawaida.

Seli zenyewe pia hazilingani. Katika mafundo ya neva (vishada vya seli za neva nje ya ubongo na uti wa mgongo) ya simbilisi, seli nyingi za mnyororo ulio kando ya uti wa mgongo hufyatua mara chache mwanzoni mwa kichocheo kisha hunyamaza, ilhali nyingi za mafundo ya tumboni huendelea kufyatua kadiri kichocheo kinavyodumu. Sehemu ya maelezo ipo katika mkondo wa potasiamu unaoitwa mkondo wa M, ambao David Brown na Paul Adams waliueleza mwaka 1980 kwa kutumia seli za chura. Mkondo huo huizuia seli isirudie kufyatua, na asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, inaweza kuuzima, seli ikawa nyepesi kuchokozeka. Sikusudii kuingia ndani zaidi; wanaotaka undani wake wamwone katibu.

Linalotuhusu moja kwa moja kazini ni tofauti kati ya mtu na mtu. Kati ya mapigo 100 ya moyo, mtu mmoja mwenye afya anaweza kuwa na mikupuo michache na mwingine akawa nayo karibu kila pigo, na kiwango cha kila mmoja hubaki karibu vilevile kwa miaka, ingawa huelekea kupanda kadiri umri unavyosonga. Miongoni mwa vijana, wingi huo hautabiri shinikizo lao la damu. Katika moyo ulioshindwa kufanya kazi, mikupuo huongezeka sana. Kwa hiyo mapigo ya moyo ya haraka peke yake hayatuambii neva za misuli zinafanya nini, na naona tumekuwa wepesi mno kuandika neno "wasiwasi" kwenye faili la mgonjwa.

Hatuna vifaa vya kusikiliza neva, na sipendekezi chama kichangishe fedha kuvitafuta. Tuna mashine za kupimia shinikizo la damu. Mtu akipimwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama, kushuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi kwenye kipimo cha juu, au 10 kwenye cha chini, hutuonyesha kwamba marekebisho ya kusimama hayatoshelezi, iwe ni kwa neva, kwa upungufu wa maji au kwa dawa. Wanafunzi wanaoanguka kwenye paredi ya jua kali wana habari nyingine: kwao mikupuo mara nyingi hupungua au kukatika ghafla, mishipa hulegea na moyo hupunguza mwendo. Dawa inayofaa wakati huo ni kumlaza aliyeanguka na kuinua miguu yake.

Kamati inaleta kwenu mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza ni kwamba wanachama walio katika zahanati na vituo vya afya wapime shinikizo la wazee na la wanaotumia metilidopa, dawa ya kushusha shinikizo la damu, wakiwa wamelala na wakiwa wamesimama, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza amri za simpathetiki kutoka kwenye ubongo wenyewe. La pili ni kwamba walimu wetu wa baiolojia waanze somo hili kwa kusimama kutoka kitini, na suala la kupigana au kukimbia lije baadaye. Nakala za mapendekezo zipo mezani kwa katibu, na marekebisho yapokelewe kwa maandishi kabla ya kura.

Ninaomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dodoma