Barua kwa mwanangu anayesoma sheria

Mwanangu Mwanaidi,

Huku Tanga hatujambo, ila bibi yako mguu bado unamsumbua.

Umeniambia vifungu vya sheria vimekuchosha, na kwamba anayetaka kutetea wanawake hana haja ya kukariri yote hayo. Basi nikusimulie habari za Shirin Ebadi wa Iran.

Alizaliwa Hamadan mwaka 1947, na mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza nchini mwao kuongoza mahakama ya jiji la Tehran. Mapinduzi ya 1979 aliyaunga mkono. Walioshika madaraka wakasema mwanamke hafai kuwa jaji, wakamshusha kuwa karani kwenye mahakama ile ile aliyokuwa akiiongoza. Akastaafu mapema. Leseni ya uwakili hakuipata hadi 1992.

Sheria mpya ya adhabu ilifanya diya ya mwanamke, yaani fidia inayolipwa kwa uhai wa mtu, kuwa nusu ya ile ya mwanamume. Shirin akaona hata ndani ya nyumba yake mizani imeinama. Mumewe akafuatana naye ofisini kwa mthibitishaji wa hati, akatia saini kumpa haki ya talaka na ya kubaki na watoto. Baba yako nilimsomea habari hiyo. Akacheka, akakumbuka ana safari ya sokoni.

Lakini kesi ninayotaka uishike ni ya binti wa miaka 11 aliyebakwa na kuuawa kijijini. Wauaji walihukumiwa kifo. Sasa piga hesabu kama ilivyopigwa: uhai wa binti ni nusu ya uhai wa mwanamume, na wanaonyongwa ni wanaume wawili. Kwa hiyo familia ya marehemu ndiyo ilitakiwa kulipa tofauti ili hukumu itekelezwe! Waliuza walivyokuwa navyo, hata baba mtu akataka kuuza figo. Shirin akaichukua kesi hiyo. Mahakamani hakupata alichotaka, lakini alihakikisha watu wanaijua hesabu hiyo hatua kwa hatua. Angewezaje kama hakuvijua vifungu?

Na hakuwahi kusema Uislamu ndio tatizo. Ni Mwislamu, na hoja yake ni kwamba waliofasiri ni wanaume, kwa faida yao. Akawajibu kwa vitabu vyao wenyewe vya fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu. Hilo, kwa maoni yangu, liliwauma kuliko maandamano.

Alilipia. Akiwa wakili wa familia ya wanandoa Forouhar, wapinzani wa serikali waliochomwa visu nyumbani kwao mwaka 1998, alikuwa akipekua jalada la kesi akakuta jina lake: ndiye aliyepangwa kuuawa baadaye. Akaendelea kusoma kurasa zilizobaki. Mwaka 2000 akafungwa kwa muda.

Tuzo ya Nobel ya Amani alipewa 2003, Mwislamu wa kwanza mwanamke. Mimi tuzo hazinishughulishi sana, ila mwaka uliofuata ilikwenda kwa Wangari Maathai wa Kenya, na 2006 wawili hao pamoja na wanawake wenzao wenye tuzo hiyo wakaanzisha umoja wao. Tangu 2009 Shirin yuko uhamishoni, London, na bado anasema.

Mtihani wa mirathi ukikaribia nipigie, tupitie mafungu pamoja. Ya Kiislamu nayajua. Baba yako anauliza kama pesa ya hosteli imefika.

Mama yako