Tovuti nyepesi itangulie aplikesheni

Mhariri,

Huduma ya Kikristo ikitaka kwenda mtandaoni, mara nyingi hoja ya kwanza kikaoni huwa ni aplikesheni. Vinaorodheshwa vitufe: mahubiri, Biblia, nyimbo, redio, sadaka, ratiba, picha za kongamano. Kisha anatafutwa kijana wa kuitengeneza. Sisi tunaofanya kazi ya kuzijengea huduma tovuti na aplikesheni tunaomba mpangilio ugeuzwe: tovuti nyepesi itangulie, na aplikesheni ije baadaye iwapo kuna kazi ambayo tovuti imeshindwa kuifanya. Huduma nyingi hazitafika huko, na hazitapungukiwa kitu.

Mtu asiyewafahamu hapakui aplikesheni yenu. Anaandika jina la huduma kwenye Google akitaka kujua ibada ni saa ngapi, mko wapi na ampigie nani. Majibu hayo matatu yakae juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa maandishi ya kawaida. Yakiwekwa ndani ya bango la picha, kwenye kioo kidogo hayasomeki, namba ya simu haibonyezeki, na bango likibadilika mwakani hakuna anayekumbuka kusahihisha. Historia ya mwanzilishi inaweza kusubiri ukurasa wa pili.

Aplikesheni pia haijengwi ikaisha. Ili aplikesheni ikae kwenye duka lake la mtandaoni, Apple hutoza dola 99 za Marekani kila mwaka. Google hutoza dola 25 mara moja, lakini hutaka aplikesheni ihuishwe kadiri matoleo mapya ya Android yanavyotoka, na iliyoachwa nyuma mno haionekani tena dukani kwa mwenye simu mpya. Apple huweza kuikataa aplikesheni ambayo ni tovuti ileile iliyofungwa kwenye kasha. Suala la sadaka nalo lina masharti yake: shirika la hisani ambalo Apple haijaliidhinisha hulazimika kumpeleka mtoaji nje ya aplikesheni, kwa mfano kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti. Kitufe cha Biblia ndicho tungekifuta cha kwanza. Aplikesheni ya Biblia ya YouVersion ipo tangu 2008 na ni ya bure, tena tafsiri nyingi za Biblia zina haki miliki. Kunakili kitabu kizima bila kibali cha mwenye tafsiri ni kosa, hata kama nia ni injili.

Palipo na kazi ya kweli ya aplikesheni ni pale watu wanaporudi kila siku na mtandao ni wa shida: masomo ya chuo cha Biblia, mpango wa usomaji, mafundisho ya sauti kwa wasiosoma. Hata hapo, jaribuni kwanza tovuti inayoweza kubandikwa kwenye kioo cha simu na kufunguka bila intaneti.

Uzito wa mafaili huamua nani atawasikia. Mahubiri ya dakika 45 yakihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban megabaiti 43. Sauti ya mtu mmoja anayeongea haihitaji hivyo. Irekodini kwa chaneli moja (mono), kilobiti 32 kwa sekunde, na faili linashuka hadi megabaiti 11 hivi. Mwenye bando dogo ataweza kulipakua. Andikeni ukubwa wa faili pembeni ya kiungo. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huwa na megabaiti kadhaa. Ipunguzwe upana hadi pikseli 1,200 na uzito usizidi kilobaiti 150. Video ikae kwenye YouTube, tovuti ibebe kiungo tu.

Kalenda nayo ina mtego wake kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo ibada ya saa 3 asubuhi huingizwa 09:00. Aliyeandika 03:00 atawatumia washirika wote arifa usiku wa kuamkia ibada, wakiwa usingizini.

Jina la kikoa, yaani anwani yenyewe ya tovuti, lisajiliwe kwa jina la huduma na kwa barua pepe ya ofisi. Likiwa kwa jina la mtu aliyejitolea, mmejenga kwenye kiwanja cha mwenzenu. Akihama au mkikosana, tovuti inaondoka naye. Lipieni miaka kadhaa kwa pamoja. Jina la .org au .com likipita tarehe na kampuni iliyolisajili ikalifuta, kwa kawaida huja kipindi cha siku 30 cha kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha linaachiliwa na yeyote anaweza kulichukua. Wapo wanaovizia majina ya namna hiyo kwa sababu viungo vya zamani bado vinaleta wageni, na mshirika anayefungua anwani ya kanisa lake anakutana na kamari.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni fomu ya maombi. Mtu anaandika humo majibu ya kipimo cha VVU, ugomvi wa ndoa, mtoto aliyeingia dawa za kulevya. Fomu inatuma barua pepe kwa watu watano, mmoja anaisambaza kwenye kundi la WhatsApp la waombaji, na kufikia jioni siri imeshatoka. Nakala nyingine inabaki kwenye hifadhidata ya tovuti ambayo hakuna anayeikumbuka, mpaka programu-jalizi, yaani kiongezi cha tovuti, isiyohuishwa iwafungulie wadukuzi mlango. Basi fomu iulize machache: ombi lenyewe, namba kwa anayetaka kupigiwa, na chaguo la nani asome, mchungaji peke yake au kundi la waombaji. Jina liwe la hiari. Barua pepe iseme tu kwamba kuna ombi jipya, na msomaji aingie kwa nywila yake kulisoma. Maombi yafutwe baada ya siku 90. Sheria ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, inaiweka imani ya dini katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo hata orodha tupu ya washirika wenu ni mzigo wa kuutunza.

Na kama mnawalenga watu wanaoweza kudhurika kwa kuonekana wanasoma Biblia, aikoni yenye msalaba kwenye simu ni hatari kwao. Ukurasa wa kawaida, usiotaka kujisajili, unafaa zaidi, na uwaeleze jinsi ya kufuta historia ya kivinjari.

Fundi asilipwe awamu ya mwisho kabla ya mambo manne: wasimamizi wawili wa huduma wameingia wenyewe kwa nywila zao, nakala ya akiba ya tovuti nzima imerudishwa mahali pengine na ikafunguka, mtu atakayehuisha habari amebadilisha ratiba mbele ya kamati bila kusaidiwa, na ukurasa wa kwanza umefunguliwa kwenye simu ya bei ya chini, kwa data ya simu, si kwa waifai ya ofisini.