Wa Marekani waacheni, njooni muone mnada wa jogoo Moshi

Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo, na kama wewe sio wa upande wetu basi habari za kazi. Gazeti lenu nalisoma toka enzi zile linafika Moshi na basi la mchana, na sijawahi kuwaandikia, hata mlivyokosea jina la kata yetu nilinyamaza. Ila ile habari yenu ya seneta wa Marekani, Durbin, na tuzo ya Chicago, mwandishi wenu alivyomalizia eti huku Afrika hatuna shida hiyo maana viongozi wetu wa siasa Wakatoliki wana msimamo juu ya kutoa mimba, hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Msimamo gani? Nani kawahi kuwauliza?

Habari yenyewe mliiandika sawa, sina ugomvi. Durbin ni Mkatoliki, anatetea haki ya kutoa mimba, na kwao Springfield kwenye Komunyo, ule mkate mtakatifu wa misa, kakataliwa toka 2004, Askofu Paprocki akaja kukazia 2018. Halafu mwaka 2025 Kardinali Cupich wa Chicago akataka kumtunuku kwa kutetea wahamiaji, maaskofu wenzake wakaja juu, Papa Leo alipoulizwa tarehe 30 Septemba akasema anayepinga kutoa mimba huku anakubali adhabu ya kifo naye sio mtetezi wa uhai kweli kweli, na siku hiyo hiyo ikatangazwa seneta kaikataa tuzo. Kabla yake alikuwa Pelosi, Spika wa bunge lao wakati huo, naye wa msimamo huo huo, Mei 2022 Askofu Mkuu Cordileone wa San Francisco kamfungia Komunyo, mwezi uliofuata sikukuu ya Petro na Paulo mama wa watu kapokea Vatican kwenye misa aliyokuwepo Papa Francisko. Sasa hapo kila mtu ana lake la kusema. Mimi langu ni dogo tu, kwamba wenzetu angalau wanabishana juu ya mkubwa, mtu mwenye kura kwenye bunge lao. Huku kwetu nidhamu ya kanisa inamjua binti wa kwaya.

Nawaambia ninachokijua. Binti wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi, alimaliza form four akawa anashona kwa fundi pale Mbuyuni, sauti ya pili kwenye kwaya, anajua mpaka Misa ya Kilatini. Akapata mimba. Aliyempa ni mheshimiwa mmoja, mtu mzima, ana mke wa ndoa na watoto, mjumbe wa halmashauri ya walei, yaani waumini wa kawaida, siku za sikukuu ndo anapanda kusoma somo la pili. Parokia siitaji, wanajijua. Tumbo lilivyoanza kuonekana, Jumapili moja baada ya misa ya kwanza mweka hazina wa kwaya akaja nyumbani na daftari, kafuata sare. Yule mama alikaa kwenye kochi langu akaitandaza ile gauni magotini akahesabu vifungo, kimoja kimepungua, akaandika kwenye daftari kwamba tunadaiwa kifungo! Binti amesimama mlangoni na khanga anaangalia chini. Tangu hapo akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, wenzake wakienda kupokea yeye anasogeza miguu wapite. Mtoto alipozaliwa tukaenda kuomba ubatizo tukaambiwa mpaka baba apatikane, jamani, baba apatikane! Baba alikuwa benchi la mbele, kawekewa chupa ya maji na kitambaa cheupe mezani, maana wiki hiyo hiyo kulikuwa na harambee ya ukumbi na kaahidi saruji mifuko hamsini. Alipokea Komunyo siku ile mbele yetu wote, akarudi kwenye kiti chake akainamisha kichwa akafumba macho, na mimi nikamwangalia mpaka wimbo ukaisha, na nilikuwa sijafumba ya kwangu. Nilimfuata mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali mtaani nikamwambia huyu mnamuona, akaniambia mama mambo ya wakubwa haya tuachie, tutagombana bure.

Mimi ni muuguzi mstaafu na sio mtu wa kupenda mimba zitolewe, nimefanya kazi wodi ya akina mama na nimeona vya kutosha, msichana analetwa na homa kali, ukimuuliza umepewa nini na nani anageukia ukutani, na nyuma yake kuna mama anayelia kimya kimya asisikike na majirani. Wengine hatukuwawahi. Na wengi wao, mhariri, kwa miaka niliyokaa pale, rozari utaikuta kwenye mkoba. Nikikaa nao usiku wakianza kuongea hakuna anayeniambia habari za haki wala sheria, anakuambia niliogopa baba, niliogopa shule, niliogopa kanisani watasema nini. Sasa nyie wasomi nipigieni hesabu hii: binti aliyetoa kwa siri akipona Jumapili inayofuata yuko kwaya na sare yake, hakuna anayejua. Aliyekubali kuzaa, aliyefanya kile ambacho mahubiri yote yanamwambia afanye, ndo anahesabiwa vifungo. Halafu tunashangaa wanatoa. Tunawafundisha wenyewe!

Nilienda kuzitafuta hizo kanuni za sheria ya Kanisa, nina mpwa frateri, anasomea upadri, akanisaidia. Ya 915 inasema wanaong'ang'ania dhambi kubwa iliyo wazi wasipewe Komunyo, hiyo ndo wanayoishika kina Cordileone. Ya 1397 inahusu kutoa mimba. Kanuni ya kumvua binti sare au kumpeleka benchi la mlangoni kwa sababu kazaa, hakuna, nimeuliza mpaka frateri kachoka. Badala yake nikakuta Desemba 2023 Vatican yenyewe, Kardinali Fernández, kamjibu askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika kwamba akina mama wanaolea peke yao wasifungiwe, wakiungama wapokee kama watu wengine. Na Januari 2014 Papa Francisko mwenyewe kambatiza mtoto ambaye wazazi wake walifunga ndoa ya serikali tu, pale pale kwenye Kanisa dogo la Sistina. Sijui hizi habari zikitoka Roma zinakwama wapi, labda zinasubiri basi la mchana.

Na huo msimamo wa viongozi wetu ni wa bure tu. Kanuni ya Adhabu, sheria ya nchi yetu, kifungu cha 150 kinampa anayemtoa mwanamke mimba miaka 14, cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe 7, na cha 230 kinamlinda daktari akifanya upasuaji kuokoa maisha ya mama. Tumeridhia Protokali ya Maputo 2007, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, unaotaka waliobakwa waruhusiwe kutoa mimba, na kwenye Kanuni ya Adhabu vifungo viko vile vile. Kwa hiyo mheshimiwa wa kwetu hajawahi kusimama mahali akachagua kati ya kura na Komunyo, ni rahisi sana kuwa na msimamo wa jambo usiloulizwa. Aliloulizwa ni la mabinti wa shule. Juni 2017 Rais Magufuli, Mkatoliki mwenzetu Mungu amrehemu, alisema kwenye utawala wake mwenye mimba harudi shule, na ikawa hivyo mpaka serikali ilipolegeza Novemba 2021. Nilikuwa kazini kipindi kile. Najua ile kauli ilikuwa inawafikisha wapi wasichana, na sikusikia mheshimiwa Mkatoliki yeyote kaambiwa na paroko wake subiri kidogo kwanza tuzungumze.

Halafu hii mambo ya maikrofoni nayo imezidi. Kila kampeni ikinukia tu basi baada ya Komunyo tunaambiwa tuna mgeni, ana salamu fupi. Salamu fupi gani ya nusu saa, watoto wanalia, wazee wanataka kwenda haja, daladala za Kibosho zimeondoka, na yeye anaanza na jinsi alivyokuwa mtumikia altare akiwa mdogo. Na siku ya mavuno ndo balaa, mama mjane kaleta mkungu wake wa ndizi unanadiwa elfu saba, halafu jogoo wa mheshimiwa anatolewa, wapambe wake wanapandishiana wao kwa wao mpaka laki tatu, anashinda mwenyewe, anamrudisha jogoo kwenye gari, vigelegele! Jogoo nimemuona kwenye mavuno mawili, naapa ni yule yule, ana kidole kimepinda. Wakati huo huo mzee wetu wa jumuiya aliyekuwa nyuma na zaka amezikwa na katekista, padri kapata udhuru.

Kwa hiyo kabla hamjatupa hongera, naomba mtusaidie kuandika haya. Kila mheshimiwa Mkatoliki anayetaka kukaa mbele alete vitu tunavyodaiwa sisi: kadi ya zaka, na barua ya mwenyekiti wa jumuiya yenye muhuri kwamba anaonekana Jumamosi saa 12 asubuhi, anakaa kwenye mkeka na anabeba benchi kama wengine. Nyumbani kwake, kama kuna mtoto ambaye baba hajapatikana, jumuiya imuulize kwa upole. Hana barua akae benchi la mwisho karibu na mlango, pana nafasi sa hivi, binti yangu siku hizi anasali parokia nyingine huko Arusha ambako wamempa sare bila kumuuliza kitu na mtoto kabatizwa. Salamu zake fupi azitolee nje kwenye maegesho kwa anayetaka. Saruji tutapokea, hatuna kinyongo na saruji, ukumbi bado haujaezekwa.

Na kile kifungu nimeshalipa, shilingi mia tano, risiti ninayo.

Muuguzi mstaafu,
Pasua, Moshi