Sentromea si nukta ya kuchorwa ubaoni tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sentromea, sehemu ya kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba urithi ndani ya seli) ambayo vitabu vingi vya shule huipitia haraka mno, ilhali bila hiyo kromosomu 46 za binadamu haziwezi kugawanywa sawasawa seli inapojigawa.

Wanafunzi huambiwa kwamba sentromea ni mahali zinaposhikana kromatidi mbili, yaani nakala mbili za kromosomu moja. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa kuwa hapo ndipo hujengwa kinetokori, yaani mkusanyiko wa protini unaoshikwa na nyuzi zinazovuta kila nakala upande wake. Kromosomu iliyopoteza sentromea hupotea njiani, na yenye mbili huweza kuvutwa huku na huku hadi ikakatika.

Wengi hudhani kuwa mahali hapo pameandikwa katika DNA. Kwa binadamu, pana vipande vya herufi zipatazo 171 vinavyojirudia mara nyingi sana. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 wamejulikana watu wenye sentromea mahali pasipo vipande hivyo, nayo inafanya kazi. Alama yenyewe ni protini ya CENP-A, inayochukua nafasi ya histoni H3, mojawapo ya protini ambazo DNA huzizunguka, katika baadhi ya nyukleosomu (vifundo vya DNA na histoni) za hapo. Ilitambuliwa mwaka 1985 kwa msaada wa damu ya wagonjwa wa skleroderma (ugonjwa unaokakamaza ngozi) ambao miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya sentromea.

Linalostahili kufundishwa kuliko yote ni jinsi alama hii inavyodumu. DNA inaponakiliwa, CENP-A iliyopo hugawanywa kati ya nakala mbili, na seli za binadamu hujigawa zikiwa na upungufu huo; nyongeza huja mgawanyiko unapokwisha, ikiletwa na protini ya HJURP, ambayo kazi yake hii ilitambuliwa mwaka 2009, baada ya kundi la protini za Mis18 kutangulia kwenye sentromea ya zamani na kuandaa mahali. Kabla ya hapo, vimeng'enya vya CDK, vinavyoongoza hatua za mgawanyiko wa seli, huizuia kazi hiyo isianze mapema. Kwa hiyo CENP-A ya zamani ndiyo inayoonyesha mpya ikae wapi, na huu ni urithi wa kweli ingawa haumo katika herufi za DNA.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kromosomu zikigawanywa vibaya, kutokana na hitilafu hapa au katika hatua nyingine za mgawanyiko, matokeo yake tunaishi nayo majumbani. Takriban nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na hitilafu ya idadi ya kromosomu, na bado wapo akina mama wanaolaumiwa kwa kubeba ndoo au kwa kurogwa. Wanaoandaa vitabu vya kidato cha tano na cha sita waipe sentromea kurasa zake, pamoja na mchoro wa CENP-A ikigawanywa na kujazwa upya.

Wako,
Mwalimu wa Baiolojia,
Morogoro