Yah: Kupinga nyongeza ya kodi kwa ajili ya intaneti isiyogawiwa

Arusha, Julai 2025

Kwa Meneja,
Ofisi ya Pamoja, ghorofa ya pili,
Arusha mjini.

Ndugu Meneja,

Tangazo mlilobandika mlangoni nimelisoma. Linasema kuanzia mwezi wa nane kila meza itaongezewa shilingi 30,000 kwa mwezi "kwa ajili ya kuboresha intaneti". Siikubali nyongeza hiyo, na sababu zangu naziandika kwa urefu, maana tukisemea kaunta anayebeba lawama ni dada wa mapokezi. Yeye hana kosa. Kazi mliyompa ni kuzima ruta na kuiwasha, na anaifanya kwa moyo wote.

Laini mnayotaka kuikuza haina ugonjwa. Mlituambia ni faiba ya megabiti 50 kwa sekunde, na asubuhi kabla watu hawajajaa nimeipima, inafika. Simu ya video ya kawaida inakula megabiti moja na ushee. Ukitaka picha safi kabisa, kama nne. Hata tukiwa kumi tunaongea na wateja kwa wakati mmoja, zinatutosha na zinabaki. Shida ni kwamba hakuna anayezigawa. Mkinunua megabiti 100, kompyuta ile ile inayomeza 50 leo itameza 100 kesho, na mimi nitabaki na picha iliyoganda na mfuko mwepesi.

Nieleze inavyokuwa. Mimi nauza safari za kitalii, na msimu ndio huu, Juni hadi Oktoba. Saa nne asubuhi niko na wakala wa Ujerumani kwenye simu ya video, tunapanga siku za Serengeti na Ngorongoro. Meza ya nyuma yangu kijana wa video anaanza kupandisha mtandaoni (upload) kazi ya kambi moja ya Tarangire aliyoipiga wiki iliyopita, mafaili mazito kwelikweli. Sauti ya wakala inakatika, inarudi kwa mkupuo kama mtu anayesoma haraka ili amalize, kisha kimya. Nikipima kasi ya kushusha (download), namba bado inapendeza, ndiyo maana fundi wenu kila akija anasema "mbona iko vizuri?" Kilichoharibika ni ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ambayo kutoka milisekunde thelathini na kitu imepanda ikapita elfu moja. Njia ya kupandisha kwenye kifurushi chenu ni nyembamba kuliko ya kushusha. Ikishajaa, sauti yangu inapanga foleni ndani ya ruta nyuma ya mafaili ya mwenzangu, na mteja anayesubiri sekunde nzima kusikia "yes" yangu anadhani namdanganya bei.

Kijana simlaumu hata kidogo. Analipa meza kama mimi, na kupandisha mafaili ndiyo kazi inayomlisha. Tena alishaomba aache kompyuta yake ipandishe usiku, akajibiwa kwamba saa mbili usiku ofisi inafungwa na umeme wa ukutani unazimwa. Yaani usiku kucha megabiti 50 zinalala bure, halafu mchana tunagombana.

Dawa ya foleni hii ipo na wala si siri. Utaratibu wa kupanga foleni ndani ya ruta unaoitwa fq_codel ulichapishwa rasmi mwaka 2018 kama RFC 8290, waraka wa kiufundi wa intaneti, na upo mwenzake unaoitwa CAKE. Zote mbili zimo kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, na kwenye ruta za kampuni ya MikroTik kuanzia toleo la 7 la programu yake, RouterOS. Kazi ya taratibu hizo ni kutenga foleni ya kila mawasiliano, ili vipande vidogo vya sauti visikae nyuma ya faili kubwa. Juu yake fundi anaweka mgao: kila meza ina kiwango chake cha uhakika, na asiyekitumia kwa saa hiyo mwingine anakiazima. Kwetu Marangu maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, yana zamu tangu enzi za mababu. Mtu akikinga siku nzima anaitwa kikaoni. Sijasikia wanaukoo wakichangishwa kuchimba mfongo wa pili kwa ajili yake.

Kifaa cha kufanyia hayo hamna, hilo najua. Mnatumia ruta nyeupe ya nyumbani iliyokuja na laini, imekaa juu ya kabati la vikombe. Ni nzuri kwa familia yenye watoto watatu. Hapa tunakaa watu zaidi ya arobaini, na kila mtu ana simu na kompyuta, wengine na tableti juu yake. Fundi wenu mwenyewe alinionyesha kwamba imepangiwa anwani mia moja tu za kugawa, yaani namba ambazo kila kifaa lazima kipewe ili kiingie mtandaoni, na kila anwani ikishatolewa inashikiliwa saa 24 hata mwenyewe akiwa ameshapanda daladala. Ndiyo maana mkikodisha ukumbi kwa semina Jumatatu, Jumanne asubuhi wapangaji tunatazama simu zimeandika "Inapata anwani ya IP" na haipatikani. Wageni wa semina wameondoka na anwani zetu. Mkipunguza muda wa kushikilia uwe saa mbili, na wageni mkawawekea mtandao wao wa pembeni wenye vocha inayoisha jioni, jambo hili limekwisha siku hiyo hiyo bila kununua megabiti hata moja.

Chumba cha mikutano nacho kina vituko vyake. Kimepakana na jiko, ukuta ni wa zege, na waifai inayofika mle ni ya masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa sababu ile ya 5 haipenyi ukuta kama huo. Ikifika saa saba mchana watu wanapasha pilau, na maikrowevu inafanya kazi kwenye masafa hayo hayo ya 2.4. Nimeshakaa mle na mteja nikahesabu: mlango wa maikrowevu unafungwa, mlio unaanza, mteja anaganda, mlio unaisha, mteja anarudi. Mpangaji mwenzangu sasa anachungulia jikoni kwanza kuona nani kaleta chakula kabla hajapiga simu. Kebo moja ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba hicho, na kifaa kidogo cha kurusha waifai kikafungwa darini mle ndani, ni kazi ya fundi ya nusu siku.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko kasi, na ambalo tangazo lenu halikuligusa kabisa.

Nenosiri la waifai limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa bei za kahawa, na halijabadilishwa tangu nihamie. Waliohama wanalo. Waliokuja kunywa kahawa mara moja wanalo. Vijana wa bodaboda pale chini simu zao zinaunganika kabla hawajazima injini, na siwalaumu, mlango uko wazi. Ila humo humo ndimo ninamopokea nakala za pasipoti za wageni, namba zao za ndege, na taarifa za malipo ya hifadhi. Juzi nimefungua kompyuta yangu, kwenye orodha ya vifaa vya mtandao nikaona kabrasha limeandikwa "Mishahara Juni". Si langu. Ni la kampuni ya chumba cha kona, na lilikuwa limeachwa wazi kwa yeyote aliyeunganishwa. Niliwafuata nikawaambia, wakalifunga wakiwa wameduwaa. Kama mimi nililiona kabrasha lao, nani ameona la kwangu? Printa nayo ndiyo hivyo hivyo: yeyote mwenye nenosiri la ubaoni anaweza kuitumia, na karatasi zinakaa pale hadi mwenyewe akumbuke.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mimi ninayeshika pasipoti za watu naguswa nayo moja kwa moja. Mteja hatanielewa nikimwambia taarifa zake zimevuja kwa sababu ya ubao wa kahawa. Nanyi pia mjiangalie. Tukiwa nje ya jengo hili, kwenye mtandao wote tunaonekana kwa anwani moja, ya kwenu. Mpita njia akifanya kosa la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 akiwa ameegemea ngazi zenu, wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini, na hamtakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuonyesha ni nani. Kumpa kila mpangaji jina na nenosiri lake, linalofungwa siku anapohama, na kuzuia kompyuta ya mmoja isiione ya mwingine, ni mambo ambayo nyumba za wageni za kawaida mjini hapa wanayafanya.

Umeme nautaja kwa kifupi. Ukikatika, jenereta lenu linawaka haraka, nawapongeza, lakini ruta inakuwa imezimika na kurudi kwake ni dakika kadhaa, hivyo simu zote za ofisi nzima zimekatika. Betri ndogo ya kushikilia ruta na kile kiboksi cha faiba inauzwa madukani. Hakuna sababu ya ofisi yenye jenereta kukosa kidude hicho.

Msije mkafikiri mimi ni mtu wa kulalamikia kila kitu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi karibu yote ikayumba, nilikaa hapa nikitumia bando la simu na sikuwaandikia neno. Lile halikuwa lenu. Haya ya sasa yanaanzia na kuishia ndani ya ghorofa ya pili.

Ninachoomba, kwa hiyo, ni fedha ya kwanza iende kwenye ruta inayoweza kugawa, kebo ya chumba cha mikutano na siku moja ya fundi anayejua kazi. Mafundi wanaofunga MikroTik kwenye mahoteli hapa Arusha wapo wengi, waulizeni hata wenye hoteli mtaani kwetu. Kwa hesabu yangu, nyongeza mnayotaka kutoka kwa meza zote kwa mwezi mmoja tu inalipia vyote hivyo na chenji inabaki. Kijana wa video muachieni soketi moja yenye umeme usiku. Ubao wa kahawa ufuteni leo, hilo halihitaji bajeti. Baada ya mwezi tukae tupime pamoja, na si kasi ya kushusha peke yake. Tupime ping mtu akiwa anapandisha faili, saa nne asubuhi, ofisi ikiwa imejaa. Ikionekana laini bado ni ndogo, nitakuwa wa kwanza kuchangia na nitawashawishi wengine.

Kodi ya Agosti nimeilipa kwa kiwango cha zamani na risiti nimeiambatisha. Naomba jibu la maandishi, si ujumbe wa "tunaboresha huduma kwa ajili yenu" kwenye kundi la WhatsApp. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Septemba, na nahitaji kujua kabla ya hapo kama nauhuisha au natafuta meza Njiro.

Wenu,
Mpangaji wa meza ya dirishani,
ghorofa ya pili.

Nakala: wapangaji wa chumba cha kona, kwa ombi lao.