Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mume wangu haoni upande wa kulia, msimwite mwendawazimu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Uganda.

Nakusalimu kwa heshima kutoka Bombo. Ni usiku, mume wangu amelala hapa kando yangu na bandeji kichwani. Jumanne iliyopita bodaboda ilimgonga akivuka barabara ya Gulu kwenda kuswali alasiri. Ilitokea kulia. Ilipiga honi, watu wote wakaisikia, na yeye aliisikia, lakini hakuiona. Tulipofika hospitali, mhudumu alifungua daftari lake la matibabu, akasoma palipoandikwa kwamba mgonjwa amepungukiwa akili, kisha akaniuliza: "Mama, kwa nini unamwacha mtu kama huyu atembee peke yake?"

Hapo ndipo subira yangu ilipoishia.

Mume wangu ana miaka 61 na ni mwalimu wa madrasa. Kiharusi kilimpata miaka miwili iliyopita, mwezi wa Ramadhani. Alikuwa na presha, na kwa miezi mitatu kabla ya hapo, kila tulipokwenda kituo cha afya tuliambiwa vidonge vimekwisha, tukanunue dukani. Tulinunua tulipoweza. Moyoni mwangu naamini kukosa vidonge vile ndiko kulikotuponza, ingawa hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Mkono wa kulia ulilegea, ulimi ukawa mzito. Walimpima presha, wakampima sukari, wakatutuma kupiga picha ya ubongo, nami nikauza mbuzi wangu wote wanne kuilipia. Walimfundisha kusimama na kupiga hatua, na kwa hilo nawashukuru. Siku ya tisa tukaruhusiwa. Katika siku zote hizo hakuna aliyemuuliza kama anaona.

Nyumbani mambo yakaanza. Chai nikimwekea kulia, anaipiga kumbo. Bega la kulia linagonga kila mlango. Posho, yaani ugali, anakula, maharage yaliyo upande wa kulia wa sahani yanabaki, halafu ananiuliza kwa nini leo hakuna mboga. Lililoniumiza zaidi ni Msahafu. Unajua, Mheshimiwa, Kiarabu husomwa kutoka kulia. Mwalimu wa watu, aliyesomesha watoto wa Bombo miaka 27, akawa anaanza kila mstari katikati. Watoto wakamcheka, wazazi wakanong'ona kwamba mwalimu amechanganyikiwa, na mmoja baada ya mwingine wakawatoa watoto wao. Lakini ukimwambia afumbe macho asome Yasini kwa moyo, anaisoma yote bila kukosea. Niliwaambia hayo hospitalini. Hawakunisikiliza.

Walimpima akili kwa karatasi. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, naye amekulia katika Kinubi na Kiswahili. Akaonyeshwa picha za wanyama zilizopangwa mstari mmoja, akaitaja ya kushoto akanyamaza. Akaambiwa achore saa, kwa mkono uleule uliolegea. Wakajumlisha alama, wakaandika kwenye daftari, na tangu siku ile maandishi hayo ndiyo yanayotangulia kila tunapokwenda.

Ukweli tulikuja kuupata kwa kijana mmoja, muuguzi wa macho, aliyekuja na kambi ya kupima wazee. Alikaa mbele ya mume wangu, akamwambia amtazame puani, akanyoosha mikono yake miwili akachezesha vidole, mara upande huu, mara upande ule. Vidole vya upande mmoja havikuonekana kabisa. Haikuchukua dakika tatu. Akatueleza kwamba macho yenyewe ni mazima, yote mawili. Kilichoharibika ni njia iliyo ndani ya ubongo, upande wa kushoto, inayopeleka picha za kila kitu kilicho kulia. Ndiyo maana miwani niliyomnunulia haikusaidia kitu. Akamfundisha kugeuza kichwa kulia kabla ya kila hatua, na kuweka uzi mwekundu ukingoni mwa ukurasa, asianze kusoma mpaka auone. Alisema pia kwamba uoni ukirudi, mara nyingi hurudi katika miezi michache ya mwanzo. Kwetu ilikuwa imepita miezi kumi na tisa.

Sisemi kwamba hasahau. Anasahau. Juzi aliniuliza mara tatu mama yake yuko wapi, na mama yake tulimzika zamani. Lakini nani atanieleza ni kiasi gani kimeletwa na kiharusi, na kiasi gani kimeletwa na kukaa kitini bila kusoma, bila kufundisha, bila kuzungumza na mtu? Binti yangu amenisomea kwamba mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliweka kutoona vizuri bila kutibiwa miongoni mwa mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau. Amenisomea pia kwamba utafiti wa Uingereza ulikuta karibu watu 7 kati ya 10 waliopata kiharusi wana shida fulani ya macho. Basi hapa kwetu ni wangapi wamekaa ndani wakiitwa wendawazimu?

Mheshimiwa, mwaka 2001 mlituambia malipo yameondolewa katika vituo vya serikali. Mwaka huohuo, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Mwaka 2005 Katiba ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Nazikumbuka ahadi zote hizo. Leo siombi mashine. Siombi hata fidia ya mbuzi wangu. Naomba agizo moja kutoka kwako: mgonjwa yeyote wa kiharusi asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kupimwa uoni kwa vidole, kulia na kushoto. Na asipimwe akili kabla hajapimwa uoni, tena apimwe kwa lugha anayoielewa. Vidole kila muuguzi anavyo. Dakika tatu, Mheshimiwa. Naomba dakika tatu.

Na yale maneno kwenye daftari la mume wangu, naomba mtu aliyesomea ampime upya, ayafute au ayathibitishe.

Amekwisha kuamka, anauliza uzi wake mwekundu uko wapi. Naishia hapa.

Wako mwananchi,
Mke wa mwalimu, Bombo