Orodha yako ya watano siikubali

Morogoro

Kwa swahibu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Natumaini waraka huu utakukuta wewe, mama watoto na wanao mkiwa katika afya njema. Sisi huku ni wazima, mvua zimenyesha vya kutosha, bei ya mchele ni ile ile ya kulalamikiwa, na shemeji yako anakusalimu ingawa ana neno lake na wewe ambalo nitalifikisha huko mbele. Ulikaa kimya tangu Idi, nasi tukadhani Mombasa imekumeza, kumbe ulikuwa unatunga orodha.

Orodha hiyo ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu una tabia ya kumkatiza mwenzio, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho. Umemweka Fid Q wa kwanza, ukamfuatisha marehemu E-Sir, kisha marehemu Ngwair, kisha Afande Sele, na wa tano ukamweka Sugu, tena juu yake ukaandika kwa herufi kubwa kwamba hao ndio marapa bora wa Kiswahili wa muda wote, kana kwamba ni matokeo yaliyotangazwa na Baraza la Mitihani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani kuna jina limekuponyoka. Nilipoirudia nikaona hukusahau bali umekusudia. Professor Jay yuko wapi, Athumani? Nilimwonyesha kinyozi wetu simu yangu, akaizima mashine huku kichwa cha mteja kikiwa nusu, akasema nikuulize kama ni joto la Pwani.

Umeandika kwamba kigezo chako ni ufundi wa mistari, na kwamba katika ufundi huo hakuna wa kumsogelea Fid Q. Hapo sikupingi hata kidogo. Wewe na mimi tulifundishwa shuleni kwamba shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, yaani nusu ya pili, lenye kina cha kati na kina cha mwisho, na tukaadhibiwa kwa kukosea hesabu hiyo. Farid Kubanda, ndiye Fid Q mwenyewe, kijana wa Mwanza, hakutosheka na vina viwili. Alivitaka kila mahali, na albamu yake akaiita Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, ambayo kwangu ni majigambo ya kimalenga hasa, kwa sababu aliyatoa akijua kwamba atapimwa kwayo. Mistari yake ina mlango mmoja wa kuingilia na milango mitatu ya kutokea, na mtu huirudisha nyuma ili aihakikishe. Lakini hapo ndipo ninapoanza kuachana nawe. Rapa husikilizwa akipita. Kurudisha nyuma ni starehe ya watu kama sisi wawili, tuliokuwa tunaandika mashairi ya watu kwenye kurasa za mwisho za madaftari ya Jiografia. Mama anayeuza vitumbua stendi ya Msamvu harudishi nyuma chochote, kwa kuwa anasikia mara moja tu, redio ya dereva ikipita naye. Rapa aliye mkubwa kuliko wote ni yule ambaye mama huyo, kwa kusikia mara moja, amemwelewa, na sisi wawili, kwa kurudia mara nyingi, bado hatujammaliza.

Kwa kipimo hicho sioni mwingine zaidi ya Profesa. Nakuomba usiku wa leo usikilize tena "Ndio Mzee", wimbo uliomo katika albamu yake ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, na usisikilize vina, sikiliza namna ulivyojengwa. Anayezungumza ndani yake si Joseph Haule, yaani Profesa mwenyewe, bali ni mgombea aliyesimama jukwaani. Anaanza kutoa ahadi, umati unaitika "ndio mzee", naye kila akipewa ndio moja anaongeza ahadi iliyo kubwa kuliko ya kwanza, hadi tunafika mahali ambapo wanafunzi wanaahidiwa kwenda kufanyia masomo ya vitendo mwezini, na umati bado unaitika vile vile, kwa sauti ile ile. Msanii hatoki nje ya mhusika wake kuja kutunong'oneza kwamba huyu bwana ni mwongo. Hatoi hukumu wala mawaidha. Anamwacha mtu aseme mpaka ajianike mwenyewe. Halafu kuna jambo ambalo nililigundua ukubwani: kiitikio kile ni kitamu, nawe huwezi kukisikia usikiimbe, na ukishakiimba tayari umeingia katika umati unaodanganywa. Tulikiimba shule nzima, na walimu wakacheka pamoja nasi. Nitajie mstari mmoja wa mtu yeyote katika orodha yako ambao unamfanyia msikilizaji mchezo wa namna hiyo.

Tena hakumtupa mhusika wake wimbo ulipokwisha kuvuma. Aliendelea naye katika "Kikao cha Dharura", wananchi walipotaka kuulizia ahadi zao, na baadaye akamfikisha katika "Nang'atuka". Huo ni mchezo wa kuigiza wenye sehemu tatu, uliotungwa na mtu mmoja na kuchanwa juu ya midundo, na uliisindikiza nchi kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka 2015 mtunzi mwenyewe akapanda jukwaani kuomba kura, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, hapa hapa mkoani kwetu, akakaa bungeni hadi mwaka 2020. Ninakumbuka katika kampeni zile watu walivyomsikiliza kwa masikio mawili, moja la mpiga kura na jingine la mpenzi wa ule wimbo, wakingoja waone kama naye atatoa ahadi ya mwezini. Sijui kama kuna rapa mwingine popote aliyewahi kujitegea mtego mkali kama huo.

Utaniambia Sugu alitangulia katika yote mawili, muziki na ubunge, nami nakubali. Sugu aliingia bungeni kama mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na kabla ya hapo, wakati muziki huu ukiitwa wa kufokafoka na wazazi wakiuona ni uhuni mtupu, yeye ndiye aliyetoa albamu baada ya albamu kwa Kiswahili pasipokuwa na soko la maana. Kabla yake kulikuwa na Saleh Jabir, aliyeweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kulikuwa na kundi la Kwanza Unit. Hao wote ninawavulia kofia. Lakini kutangulia ni daraja moja na ukubwa ni daraja jingine. Wewe unakaa katika mji wa Muyaka bin Haji, na unajua kwamba Muyaka hakuwa mshairi wa kwanza wa Kiswahili. Husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, yaani kuufanya useme mambo ya watu wa kila siku kwa lugha yao. Profesa alifanya kazi ya aina hiyo. Aliyakuta mashairi haya vijiweni akayaingiza sebuleni. "Chemsha Bongo" ya Hard Blasters, kundi lake Profesa, ilipotoka mwaka 2000, marehemu baba, ambaye redio ikianza kufoka tu alikuwa ananyoosha mkono kuizima, alinyoosha mkono akaongeza sauti. Hakusema neno lolote, na sisi hatukuthubutu kumtazama.

Sasa nikupe na udhaifu wa mtu wangu, usije ukadhani nimepofuka. Mtiririko wake si wa kubadilikabadilika. Hutembea kwa mwendo ule ule mzito, na mara nyingi hutosheka na kina cha mwisho pale ambapo Fid Q angetia vitatu. Zipo nyimbo zake za miaka ya baadaye ambazo sizirudii. Na mwaka 2022 alipolazwa Muhimbili kwa muda mrefu, nchi nzima ikimwombea, wengi walianza kumtaja kuwa bora wa wakati wote kwa huruma tu, jambo ambalo si hoja na sitalitumia.

Kuhusu marehemu wako wawili, naomba twende taratibu. E-Sir alifariki kwa ajali ya gari mwezi Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 21, akatuachia albamu moja, Nimefika. Kiswahili chake kilikuwa laini na chenye mzaha, na alichana kama mtu anayekusimulia jambo huku anatembea. Ninampenda. Hata hivyo, kumpa nafasi ya pili ni kumpa alama za mitihani ambayo hakupata umri wa kuifanya. Halafu nashangaa kwamba umekaa Kenya miaka yote hiyo usiwataje Kalamashaka, kundi la Dandora kule Nairobi, hata kwa heshima, ilhali "Tafsiri Hii" ndiyo iliyofungua njia kwa wengi huko. Ngwair naye, tuliyemzika hapa Morogoro mwaka 2013 baada ya kufia Afrika Kusini, ndiye pekee katika orodha yako ambaye ningesita kugombana nawe juu yake. "Ghetto Langu" ni chumba kimoja tu kilichoelezwa kitu kwa kitu, na msikilizaji akitoka humo anajua hata pa kukaa. Kwa mitindo huru, yaani kuchana papo kwa papo, alikuwa na kipaji cha ajabu. Lakini aliishi ndani ya starehe na mitaa yake, wala hakutafuta kwenda mbali zaidi.

Afande Sele sina nafasi ya kumjadili kwa ukamilifu, kwa kuwa mimi bado nataka kuishi mji huu kwa amani. Alivikwa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, na hapa watu hulitaja kama hati ya kiwanja. Nitasema tu kwamba katika "Mtazamo" walikutana yeye, Solo Thang na Professor Jay, na ukitaka kuwapima watatu hao bila upendeleo, wimbo ni ule ule na mdundo ni ule ule, kaa chini usikilize.

Neno la shemeji yako ni hili: anauliza kama katika muda wako wote hukuwahi kumsikia mwanamke akichana. Anamtaja Zay B, anamtaja Sister P, na kwa upande wenu anamtaja Nazizi, na anasema enzi zile ubishi wa Zay B na Sister P ulikuwa mkali kuliko ubishi wetu huu wa wanaume wenye vitambi. Sikuwa na jibu. Mpwa wangu naye, aliyekuwa anatusikiliza akiwa ameinamia simu, alisema sote tunapoteza muda, kwa sababu bora wa wakati wote ni Kendrick Lamar, aliyepewa tuzo ya Pulitzer mwaka 2018. Nilimwambia sisi tulikwisha kulia kwa ajili ya Tupac pasipo kuelewa nusu ya alichokuwa anasema, na kwamba sasa ninajadili wale ninaowaelewa. Akanitaka nimwonyeshe idadi ya wasikilizaji wa Profesa mtandaoni. Utamweleza nini mtoto wa leo? Kaseti ziliuzwa na wasambazaji wa Kariakoo kwa hesabu wanayoijua wao, nyingine zikanakiliwa uchochoroni, na wimbo ulioimbwa na nchi nzima haukuacha takwimu ya kuaminika.

Hapo ndipo ninapofikia shida yangu. Jumamosi ya wiki ya mwisho ya mwezi huu kinyozi ameandaa mjadala rasmi, wenye mwenyekiti na katibu, na mimi nimepewa upande wa Profesa dhidi ya fundi wa redio, ambaye atamtetea Afande Sele akiwa na mashabiki wote wa mtaa nyuma yake. Nataka nifungue hoja yangu kwa sauti ya kaseti yenyewe, kwa redio ya kaseti, ili vijana wasikie kile tulichokisikia sisi. Kaseti ya Funga Kazi, albamu ya Hard Blasters, iliyokuwa yetu wawili uliondoka nayo wewe. Ninakumbuka jalada lake lilipasuka pembeni ukalibandika plasta ya kidonda. Tafadhali mpe mtu mwaminifu wa basi la Tanga, na mjomba ataipokea pale stendi.

Sasa nijibu. Kaseti hiyo bado unayo, au wanao wamekwisha kuutoa utepe wakachezea? Ulimwacha Profesa kwa hoja au kwa kunichokoza tu? Kama ni hoja, ni ipi, na kwa nini hukuiandika? Je, huko Mombasa vijana wa kundi la Ukoo Flani bado wanatajwa, na wao wangemweka nani juu? Ukilazimishwa kumtoa mmoja ili Profesa aingie, utamtoa nani, na utakuwa na ujasiri wa kulitaja jina lake hapa Morogoro ukija likizo? Unakuja lini hasa? Na yule mama mwenye nyumba alikwisha kukurudishia amana yako, au bado mnasalimiana kwa kununiana?

Wasalimu wote. Kaseti kwanza, majibu baadaye.

Wako katika ubishi,
Mwinyi